Kope Moja Imeshuka, Macho Mawili ya Kupimwa: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki ni cha mgonjwa mmoja aliyehudumiwa katika kliniki ya macho. Jina, umri kamili, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha vimeondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaokutana na watu wazima wenye kope zilizolegea, na pia kwa msomaji wa kawaida ambaye amekuwa akiambiwa kwamba kope kushuka ni uzee tu.

Usuli

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee, mshonaji wa nguo. Tangu ujana wake alisumbuliwa na mzio wa macho, na kwa miaka mingi nafuu aliyoijua ilikuwa kuyafikicha. Alikuwa na shinikizo la damu lililotulia kwa dawa. Kisukari hakuwa nacho. Miaka minne kabla ya kufika kwetu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande wa kulia. Uoni ulirudi vizuri, ila baada ya miezi kadhaa watu wa nyumbani walianza kumwuliza kama hakupata usingizi, kwa sababu kope ya jicho hilo ilikuwa imeanza kushuka.

Yeye mwenyewe hakulalamikia sana sura. Alilalamikia kichwa kuuma kwenye paji la uso kila jioni, shingo kukakamaa, na kushindwa kutunga uzi kwenye sindano bila kuinua kope kwa kidole. Alibadilishiwa miwani, akapewa dawa za maumivu ya kichwa, akashauriwa apumzike. Kote huko alikopita, hakuna rekodi inayoonyesha kwamba kope iliwahi kupimwa kwa rula. Barua ya rufaa iliyomleta ilikuwa na ombi moja: ngozi ya kope ya juu imezidi, tafadhali ipunguzwe.

Alivyoonekana alipofika

Kabla ya kumgusa, mambo matatu yalionekana kwa kumtazama tu akiwa ameketi. Kope ya kulia ilifunika karibu nusu nzima ya juu ya mboni. Nyusi zote mbili zilikuwa zimepandishwa, ya kulia zaidi, na paji lilikuwa na mikunjo mirefu iliyolala kama mistari ya daftari. Na kidevu kilikuwa kimeinuliwa kidogo, maana alikuwa akitazama kwa kupitia mwanya uliobaki chini ya kope. Kwa mtu anayeishi hivyo kutwa nzima, kichwa na shingo kuuma si jambo la kutafutia sababu mbali.

Jicho la kushoto lilionekana zima. Lilionekana hata limefunguka vizuri kuliko kawaida ya umri wake.

Binti yake alikuwa amemsindikiza. Tulimwomba atafute picha za zamani kwenye simu, naye akapata za miaka iliyopita, mojawapo ikiwa imepigwa kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Tulipoikuza, mkunjo wa kope ya kulia ulikuwa tayari umepanda juu kuliko unavyotarajiwa, na ukingo wa kope ulikuwa umeanza kuteremka. Jambo hilo lilikuwa na uzito kwa mgonjwa, ambaye kwa miaka minne aliamini kwamba daktari aliyemtoa mtoto wa jicho ndiye aliyemharibu. Upasuaji huo hujulikana kuweza kushusha kope, kwa sababu chombo kinachoshikilia jicho wazi huvuta kope na mvutano huo huweza kulegeza kano ya msuli unaoinyanyua. Lakini picha ilionyesha kwamba kano hiyo ilikuwa imeshaanza kuchoka. Upasuaji uliharakisha kitu kilichokuwa njiani.

Kwanza, kuondoa hatari

Kope iliyoshuka ni dalili, na baadhi ya magonjwa yanayoileta hayasubiri kliniki ya wiki ijayo. Kwa hiyo maswali ya kwanza hayakuhusu kope. Je, ilishuka ghafla? Kuna maumivu makali ya kichwa au ya shingo yaliyoanza nayo? Anaona vitu viwiliviwili? Sauti hubadilika akizungumza kwa muda mrefu, au chakula humkwama kooni? Yote yalijibiwa hapana.

Macho yalisogea kila upande bila kasoro. Mboni zilihitaji uangalifu zaidi. Neva ya tatu ya fuvu ikibanwa na mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa, kope hushuka na mboni hutanuka, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Kwa upande mwingine, njia ya neva za simpathetiki, zile zinazofanya kazi bila hiari yetu, ikiharibika, kope hushuka kidogo tu, milimita 1 au 2, na mboni huwa ndogo. Tofauti hiyo huonekana zaidi gizani, na chanzo chake kinaweza kuwa mshipa wa shingo uliochanika au uvimbe kwenye ncha ya pafu. Mboni ya kulia ya mama huyu ilikuwa imepinda kidogo, si duara kamili. Tuliitazama kwenye mwanga mkali, kisha chumba kikiwa na mwanga hafifu: tofauti kati ya macho mawili haikubadilika. Lilikuwa kovu la upasuaji wa zamani.

Likabaki swali la miasthenia, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mahali neva inapokutana na msuli. Kope zake huchoka kadiri siku inavyosonga, na mama huyu alisema jioni hali ilikuwa mbaya zaidi. Maneno hayo peke yake hayatoshi. Kope iliyoachiwa na kano nayo huzidi kushuka jioni, kwa sababu msuli wa paji uliokuwa ukiisaidia kutwa nzima umechoka. Tulimwomba atazame juu bila kushusha macho kwa dakika mbili. Kope haikuteremka. Tukamwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya kope iliyofumbwa kwa dakika mbili. Kwa mwenye miasthenia kope mara nyingi hupanda milimita 2 au zaidi baada ya hapo. Ya kwake haikubadilika. Kwa kuwa hakuwa na dalili nyingine, damu yake haikupelekwa kupimwa kingamwili. Kipimo hicho, isitoshe, hutoka hasi kwa karibu nusu ya wagonjwa ambao miasthenia imewakamata machoni tu, hivyo jibu hasi lisingetupa uhakika zaidi ya ule tuliokuwa nao.

Rula, tochi na kidole

Vipimo vya kope havihitaji mashine. Mgonjwa anatazama mbele, tochi inamulikwa, na mwanga mdogo unaoakisiwa katikati ya mboni unakuwa alama. Kutoka hapo hadi ukingo wa kope ya juu, kwa mtu mzima, ni milimita 4 hadi 5. Upande wa kulia ulikuwa 0.5. Wa kushoto ulikuwa 3.5.

Kisha nguvu ya msuli wenyewe. Kidole gumba kinakandamiza unyusi ili paji lisisaidie, mgonjwa anatazama chini kabisa, halafu juu kabisa, na rula inasoma mwendo wa ukingo wa kope. Ulikuwa milimita 14 kila upande, mwendo wa msuli wenye afya. Mkunjo wa kope, ambao kwa mwanamke hukaa milimita 8 hadi 10 juu ya ukingo, ulikuwa 13 kulia na 11 kushoto. Alipotazama chini kama anayeshona, kope ya kulia ilibaki chini kuliko ya kushoto na kuziba kabisa.

Hapo utambuzi ulikuwa umekamilika kwa upande wa kulia. Msuli una nguvu, mkunjo umepanda, kope inabaki chini hata wakati wa kutazama chini: kano bapa inayounganisha msuli na gegedu la kope imenyooka au imeachia. Ndicho chanzo cha kawaida zaidi cha kope kushuka ukubwani. Ngozi iliyozidi ilikuwepo kweli, lakini tulipoinyanyua kwa kijiti cha pamba, ukingo wa kope ulibaki palepale ulipokuwa. Kukata ngozi kama barua ilivyoomba kungemwachia kovu jipya na tatizo lilelile.

Kipimo kilichobadilisha mpango mzima kilikuja baadaye, na ndicho chepesi kuliko vyote. Tuliinua kope ya kulia kwa kidole hadi mahali pake, tukaishikilia, tukatazama upande wa pili. Baada ya sekunde chache kope ya kushoto, ile nzima, ilianza kuteremka. Ilitulia kwenye milimita 2.

Sababu iko kwenye shina la ubongo. Misuli inayonyanyua kope zote mbili huamriwa na kiini kimoja kilichoko katikati, hivyo amri inayotoka huenda pande zote kwa usawa. Ewald Hering, mwanafiziolojia wa Kijerumani wa karne ya 19, alieleza kanuni hiyo kwa misuli inayosogeza macho, na kope zikaonekana kuifuata pia. Jicho la kulia lilipozibwa, ubongo uliongeza amri ili kulifungua, na jicho la kushoto likapata nyongeza ambayo halikuiomba. Nyongeza hiyo ndiyo iliyoficha ulegevu wake. Jambo hili hujitokeza zaidi pale jicho lililofunikwa likiwa ndilo ubongo unalolitegemea zaidi. Tulimpa karatasi yenye tundu atazame kitu cha mbali, na mara zote alilipeleka tundu hilo kwenye jicho la kulia.

Tulithibitisha kwa tone la fenilefrini ya asilimia 2.5 kwenye jicho la kulia, baada ya kupima shinikizo la damu na kuhakikisha pembe ya ndani ya jicho, mahali maji ya jicho yanapotokea, si nyembamba. Dawa hiyo huchochea msuli mdogo wa Müller ulioko nyuma ya kano. Baada ya dakika kama kumi kope ya kulia ilipanda hadi 2.5, na ya kushoto ikashuka tena hadi 2.

Maamuzi na sababu zake

Mgonjwa alikuwa na msimamo wake: "Daktari, hili la kushoto halina shida, msiliguse." Ni msimamo unaoeleweka. Aliyekwisha kuhisi kwamba upasuaji mmoja ulimletea madhara hana sababu ya kutoa jicho la pili kirahisi. Hatukubishana. Tulimpa kioo, tukainua tena kope ya kulia kwa kidole, tukamwacha atazame mwenyewe. Akaomba turudie.

Njia zilizokuwapo ziliwekwa mezani. Ya kwanza ilikuwa kuacha kama ilivyo. Hilo ni chaguo halali wakati kope haizuii kuona, lakini kipimo cha uwanja wa kuona upande wa kulia kilifika nyuzi 10 tu juu ya katikati, na kikapanda hadi nyuzi 40 kope ilipobandikwa kwa plasta. Ya pili ilikuwa matone ya oksimetazolini ya asilimia 0.1, yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa kope zilizoshuka ukubwani. Matone hayo huinua kope kwa saa kadhaa kisha nguvu huisha. Yanafaa kwa mlegeo mdogo na kwa asiyetaka kisu. Kwa kope iliyo nusu milimita kutoka katikati ya mboni yasingemtosha. Ya tatu ilikuwa kufupisha msuli wa Müller kwa kupitia upande wa ndani wa kope. Njia hiyo haiachi kovu nje na inatabirika, lakini huchaguliwa hasa pale tone la fenilefrini linapoinua kope hadi kiwango kinachotakiwa, na hapa halikufika. Ikabaki ya nne: kuifuata kano yenyewe kwa kupitia mkunjo wa ngozi na kuirudisha kwenye gegedu.

Je, jicho moja au yote? Kuna wapasuaji wanaotengeneza upande ulioshuka zaidi, kisha wanasubiri waone wa pili utakavyotulia, na wana hoja, kwa sababu si kila kope inayoteremka kwenye kipimo cha kidole huteremka vilevile baada ya upasuaji. Kwa mama huyu vipimo viwili tofauti, kidole na tone, vilitoa namba ileile, na mkunjo wa kushoto ulikuwa umepanda pia. Tulipendekeza yote mawili kwa siku moja. Alikubali kwa sharti kwamba asifungwe macho yote baada ya upasuaji, nasi tukalikubali.

Upasuaji haukupangwa mara moja. Kipimo cha machozi kwa karatasi kilitoa milimita 9 kulia na 8 kushoto kwa dakika tano, kidogo kuliko inavyotakikana. Kope ikiinuliwa, jicho huachwa wazi zaidi kwa upepo na vumbi. Jicho kavu linaweza kuwa jicho lenye vidonda. Kwa hiyo zilipita kwanza wiki sita za machozi ya bandia, kukanda kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na tiba ya kweli ya mzio ili aache kufikicha. Hili la kufikicha lilisisitizwa kuliko yote, kwa sababu mshono mpya haustahimili mkono wa zamani.

Siku ya upasuaji

Ganzi ilichomwa kidogo sana kila upande. Ikizidi hulegeza msuli wenyewe, na adrenalini iliyochanganywa ndani yake huchochea msuli wa Müller, hivyo urefu unaoonekana mezani si wa kuaminiwa kikamilifu. Mkato ulipita milimita 9 juu ya ukingo, mahali ambapo mkunjo mpya ulitakiwa kukaa. Upande wa kulia kano ilikuwa imejitenga kabisa na gegedu, nyembamba kiasi cha kuona msuli wa Müller nyuma yake. Upande wa kushoto ilikuwa bado imeshika, lakini imenyooka. Ukingo wa kano ulirudishwa kwa nyuzi tatu kila kope, ule wa katikati ukifungwa kwanza kwa fundo la muda.

Kisha mgonjwa aliketishwa, taa kali ikazimwa, macho yote yakaachwa wazi, akaombwa atazame mbele. Zoezi hilo lilirudiwa mara kadhaa, uzi ukilegezwa na kukazwa, hadi kope zote mbili zilipokaa kwenye 4.5, juu kidogo ya lengo kwa kutarajia zitashuka ganzi ikiisha. Ngozi iliyoondolewa ilikuwa ukanda mwembamba tu.

Wiki zilizofuata

Siku ya saba kope ya kulia ilikuwa kwenye 4. Ya kushoto ilikuwa kwenye 5, na mgonjwa alipofumba macho taratibu ulibaki mwanya wa milimita 2. Rangi ya fluoreseini ilionyesha vidoa vya ukavu kwenye sehemu ya chini ya konea, kioo cha mbele cha jicho. Jicho lilikuwa linageuka juu vizuri wakati wa kufumba, kwa hiyo katikati ya konea ilikuwa salama. Alipewa marhamu mazito ya usiku na machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi mchana. Kuanzia wiki ya pili alifundishwa kuivuta kope ya kushoto chini kwa upole, akitazama juu, mara kadhaa kwa siku. Hatukuharakisha kufungua mshono, kwa kuwa uvimbe wa wiki za mwanzo huidanganya rula.

Lalamiko lake kubwa, hata hivyo, halikuwa ukavu. Wiki ya tatu alirudi akiwa na wasiwasi kwamba kope zimeshuka tena. Rula ilisema 3.5 na 4. Kilichoshuka kilikuwa nyusi. Sasa macho yalipofunguka, msuli wa paji ulipumzika kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nyusi zikarudi mahali pake, na ngozi iliyokuwa imevutwa juu ikalala juu ya mkunjo.

Mwezi wa tatu kope zote mbili zilikuwa kwenye 3.5. Mwanya wa kufumba ulikuwa umefungika na konea imepona. Dawa za maumivu ya kichwa alikuwa ameziacha bila kuambiwa, na alishona bila kidole juu ya jicho.

Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni kidole kilichoinua kope ya kulia kwa sekunde chache. Kama upande wa kulia ungetengenezwa peke yake, amri ya ziada ingekoma, kope ya kushoto ingeteremka kuelekea 2, na mgonjwa ambaye tayari hakuwaamini wapasuaji angeamka na jicho jipya lililoshuka. Kipimo hiki kinapaswa kufanywa kwa kila mtu mzima mwenye kope moja iliyoshuka, hata pale jicho la pili linapoonekana zima. Hasa linapoonekana zima kupita kiasi.

Kuahirisha kwa wiki sita nako kulilipa. Konea iliyoingia kwenye upasuaji ikiwa na machozi ya kutosha ndiyo iliyostahimili mwanya wa kushoto bila kupata kidonda.

Udhaifu wa kwanza ulikuwa kwenye njia aliyopita kabla ya kufika. Maumivu ya paji yanayokuja jioni kwa mtu mwenye nyusi zilizopanda yalitibiwa kama ugonjwa unaojitegemea, na barua ikaita mlegeo wa kano ngozi iliyozidi. Kuvitofautisha ni kazi ya kijiti cha pamba: nyanyua ngozi, tazama ukingo. Zahanati yoyote inaweza.

Udhaifu wa pili ulikuwa wa maelezo kabla ya upasuaji. Nyusi zilipimwa na kuandikwa kwenye faili, lakini mgonjwa hakuonyeshwa zitakakokuwa. Kwa mtu aliyeinua nyusi kwa miaka, kushuka kwake ni matokeo yanayotarajiwa, na angeweza kuyaona mapema: unamwambia afumbe macho, unalainisha paji kwa kiganja, unashikilia nyusi hapo, kisha anafumbua mbele ya kioo. Wiki moja ya hofu ingeepukika. Kuondoa ngozi nyingi zaidi siku ileile kusingekuwa jibu, kwa sababu ngozi iliyokatwa wakati nyusi bado ziko juu huweza kupungua kupita kiasi kwa jicho lenye ukavu.

Upande wa kushoto kuzidi kwa muda ni kitu ambacho ganzi na adrenalini hukifanya kigumu kukwepa. Marekebisho ya pili ni sehemu ya kawaida ya upasuaji huu, na mgonjwa alikuwa ameelezwa hivyo na kutia sahihi. Hakuyahitaji.

Ngozi iliyobaki juu ya mkunjo bado inamkera kidogo. Ameambiwa inaweza kupunguzwa baada ya miezi sita, nyusi zikishatulia na machozi yakishapimwa upya. Kwa sasa amesema hataki kisu tena, na faili limebaki wazi kwa ajili ya kipimo hicho.